Shangazi Anakuja, Madaftari Yaende Wapi?

Jumapili, 9 Juni

Siku mbaya. Naandika haya nyuma ya bahasha kuukuu ya picha za meno kwa sababu sina daftari la kuandikia. Yaani ninayo. Ninayo chumba kizima! Ila yale ni mazuri mno kuandikwa ndani.

Ndiyo yaliyoniponza. Asubuhi mke wangu alifungua chumba kidogo akitafuta ndoo. Rundo la shajara za kupangia siku likamwangukia kidole gumba cha mguu. Zenye jalada gumu! Nilikuja mbio. Nikaokota ya juu, nikaipangusa, nikakagua kona zake kama zimepinda. Kumbe nilitakiwa nianze na kidole.

Nikaitwa sebuleni. Nikapashwa kwamba shangazi yake, aliyeanguka akavunjika nyonga, anatoka hospitali Jumapili ijayo na atakaa kwetu mpaka apone. Atalala chumba kidogo. Nikasema karibu sana, nyumba ni yake, nitamtengea kona. Mke wangu akauliza kona ipi, ya kusimama au ya kuchuchumaa. Nikacheka. Hakucheka. Akasema yule mama ndiye aliyemlea tangu hajaota meno, akamfunga kanga yake mwenyewe mgongoni na kwenda naye shambani. Hatalala na magundi na masteplaa kama mali ya stoo. Nilimwona amebana midomo ili isitetemeke.

Basi nikajua mzaha umekwisha. Amri imetoka: chumba kiwe kitupu. Nimeruhusiwa kubaki na yatakayoingia kwenye droo moja ya kabati. Droo moja! Hata soksi zangu zina mbili.

Jumatatu, 10 Juni

Niliomba ruhusa ya nusu siku kazini ili nichambue. (Mimi ni karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Naandika jina la mgonjwa, nampa pole, namwambia hakuna maumivu. Ni uongo wa kikazi.)

Mpango mzuri sana. Mafungu matatu: ya kubaki, ya kugawa, ya kufikiria. Nilichambua mpaka mgongo ukalia. Matokeo: ya kubaki, mengi. Ya kugawa, kichongeo kimoja kisichochonga. Ya kufikiria, yote yaliyosalia, pamoja na kile kichongeo, maana nilikionea huruma.

Mke wangu akarudi kazini akaja kukagua. Huyu kazi yake ni kukagua mizani sokoni, na ukaguzi hauachi kazini. Watu wanamwita Mama Mizani. Akanipa kanuni: kitu ambacho hujawahi kukitumia, kitoke. Nikamweleza kwamba hayo yasiyotumika ndiyo yenye thamani! Yaliyotumika ni mawili tu, na yote yana ukurasa mmoja unaosema kuanzia leo nitaamka mapema.

Akashika shajara za miaka iliyopita. Akauliza hizi nazo je, mwaka si umekwisha? Hapo nilimbana. Nikamfafanulia kwamba kalenda hujirudia, siku na tarehe hukutana tena, kwa hiyo shajara ya zamani haijafa, inasubiri. Akauliza inasubiri muda gani. Nikasema kama miaka kumi na moja hivi.

“Na hiyo miaka kumi na moja,” akasema, “Shangazi alale wapi, bwana wee?”

Nimelala na njaa ya mawazo.

Jumanne, 11 Juni

Nimepata dawa! Naona haya kujisifu lakini hakuna mwingine wa kunisifu.

Kliniki tuna kabati kubwa nyuma ya karakana ya Fundi Meno. Limejaa vielelezo vya plasta, yaani vinywa vya wagonjwa vilivyofinyangwa kwa chokaa nyeupe ili meno ya bandia yatengenezwe kwa kuvifuata. Midomo wazi, rafu hadi rafu. Nani anaihitaji yote hiyo kwa pamoja? Nikaja alfajiri na teksi na maboksi yangu yote. Nikahamishia vinywa juu ya sinki, nikapanga madaftari kabatini. Yalitoshea kama yamezaliwa humo.

Kasoro moja ndogo. Wakati wa kuhamisha, vikaratasi vya majina vilibanduka kwenye baadhi ya vinywa. Nikavirudishia kwa kukadiria. Kinywa ni kinywa.

Kasoro ya pili si ndogo. Nageuka, Fundi Meno huyu hapa mlangoni, mikono kiunoni. Mtu huyu simpendi. Anavaa kalamu ya wino ya kujaza kwenye mfuko wa shati, kofia yake ya dhahabu nje, halafu wala haandiki chochote. Anatembea nayo tu, kama mtu atembezaye farasi. Tangu mwaka jana ananionea kijicho daftari langu la jalada la kitambaa cha kijani lenye utepe wa hariri. Akatazama kabati, akatazama sinki, akasema kwa upole kwamba Daktari angependa sana kujua habari hii.

Nililia kimoyomoyo. Nikampa lile la kijani. Akalinusa! Mbele yangu!

Jioni mke wangu akakuta chumba cheupe. Akauliza yamekwenda wapi. Ulimi wangu, ambao sijui ni wa nani, ukasema nimeyagawa kwenye shule ya msingi iliyo karibu na kliniki. Yote! Kwa ajili ya watoto!

Mke wangu akakaa chini. Akanishika mkono. Akasema hakujua kama nina moyo wa namna hii. Akampigia Shangazi simu hospitalini, nikasikia upande wa pili ukinimwagia dua. Nikajisikia mtu mwema kabisa, kana kwamba nimefanya kweli.

Jumatano, 12 Juni

Njia ya mwongo fupi, lakini sikutegemea iwe fupi kiasi hiki.

Mwalimu Mkuu wa shule ile hununua maharage sokoni. Mke wangu hukagua mizani ya muuza maharage. Wamekutana leo. Mke wangu akampa hongera kwa mzigo wa madaftari aliopokea kutoka kwa mume wake.

Mwanamke mwingine angesema mzigo gani. Mwalimu Mkuu hakusema. Amefundisha miaka mingi, anajua uongo ukiwa bado kwenye daftari la nyumbani. Alishukuru, akaomba namba yangu, akanipigia nikiwa mapokezi na mgonjwa mwenye shavu lililovimba ananingoja.

“Baba, shikamoo ya mbali,” akasema, na mimi naamini ni mkubwa wangu. “Nasikia umetuletea madaftari. Sijayaona, ila mimi ni mtu wa imani. Ijumaa asubuhi tutakupongeza mstarini mbele ya shule nzima. Njoo na mama. Na njoo nayo.”

Mgonjwa akaniuliza mbona nimegeuka rangi. Nikamwambia hakuna maumivu.

Alhamisi, 13 Juni

Balaa. Balaa lenye meno.

Leo alikuja mshereheshaji wa harusi kujaribu meno yake mapya ya juu. Ana harusi kubwa Jumamosi. Fundi Meno alikuwa ameyatengeneza jana kwa kufuata kinywa chenye jina lake. Daktari akamvalisha, akamwambia hebu sema kitu. Akasimama, akanyoosha koti, akasema “mabibi na mabwana” vizuri tu. Alipofika “karibuni sana” ikatoka filimbi. Filimbi kali! Akarudia. Filimbi mbili.

Pale kwenye benchi alikuwa ameketi refa mstaafu wa mpira, naye akingoja meno yake. Kusikia filimbi akainuka nusu na kuangalia huku na huku nani kacheza rafu.

Sitaeleza kwa urefu. Meno yale yalikuwa ya refa. Ya mshereheshaji alivalishwa refa, akashindwa kufunga mdomo, akabaki anacheka huku machozi yanamtoka. Daktari akaingia karakana akauliza vinywa vimefikaje juu ya sinki. Kikulacho ki nguoni mwako! Fundi Meno, na daftari langu la kijani likiwa limechungulia mfukoni mwa koti lake, akanyoosha kidole kabatini bila hata kusita.

Daktari ni mtu mpole. Hapigi kelele, anashusha sauti, na kadiri anavyoishusha ndivyo unavyojua umekwisha. Alishuka mpaka kwenye mnong’ono. Nikasikia “leo hii”, nikasikia “au wewe au hayo madaftari”, nikasikia “usije kazini mpaka nikupigie”. Nikaomba radhi kwa mshereheshaji, nikaomba radhi kwa refa. Refa akanisamehe kwa mkono, maana mdomo ulikuwa haufungi. Mshereheshaji akasema harusi ile ni ya binti wa dada yake, ameahidi kuisimamia tangu binti yuko tumboni, na akipiga filimbi mbele ya wakwe hatanisamehe mpaka kaburini. Fundi Meno akaanza upya kazi yote. Kwa haki, ni fundi. Kwa haki zaidi, ni nyoka.

Nikabaki na maboksi kwenye teksi na hakuna pa kwenda. Nyumbani? Mke anaamini yameshagawiwa. Shuleni? Roho haikubali! Niliyaona yakitazama juu kutoka kwenye boksi, yale ya kurasa rangi ya maziwa, yale ya kona za mviringo.

Hapo ndipo nilipokumbuka vipeperushi. Kliniki ina stoo ya vipeperushi vya zamani kuhusu harufu ya kinywa. Hakuna anayevichukua, mtu hapendi kuonekana navyo. Nikajaza vipeperushi kwenye maboksi, juu nikapanga safu moja tu ya madaftari, yale mepesi nisiyoyapenda sana. Madaftari halisi nikayateremsha nyuma ya nyumba kwenye pipa bovu la maji lisilotumika, nikafunika kwa bati. Maboksi nikayaingiza ndani waziwazi. Nikamwambia mke wangu kwamba shule imeniomba niyachukue, kesho niyarudishe mstarini ili yakabidhiwe rasmi. Nikashangaa alivyoamini upesi. Alinyanyua boksi moja, akalipima mikononi, akaliweka chini. Akaniuliza kama nina shati safi la kesho.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeona siku katika maisha yangu. Kama hii, bado.

Tulipokelewa kwa wimbo. Mimi na mke wangu tukakalishwa kwenye viti vya mbele, maboksi mezani, kitambaa juu yake. Mwalimu Mkuu akatoa hotuba kuhusu watu wanaotoa wanachokipenda. Kila aliposema “wanachokipenda” alinitazama. Kisha akasema hatutaondoka hapa mpaka mgeni wetu aone kila mtoto amepata lake. Wapange foleni!

Nilikuwa nimetegemea makabidhiano ya kupiga makofi na kwenda nyumbani.

Safu ya juu ikaisha kwa watoto wa mbele. Mwalimu akazamisha mkono boksini. Akatoa kipeperushi. Akazamisha tena. Kipeperushi. Msichana wa darasa la nne akapokea cha kwake kwa mikono miwili, akapiga goti kwa adabu, akasoma kwa sauti ya mstarini: “Je, wenzako hukukwepa unapozungumza?”

Shule nzima ikaangua kicheko. Walimu wakageukia ukutani, mabega yanatikisika.

Nikanyanyuka. Nikasema yamechanganyika! Kosa la kazini! Madaftari yenyewe yapo nyumbani! Nilitaka kuongeza kwamba nitayaleta wiki ijayo, au muhula ujao. Mwalimu Mkuu akasema hakuna shida, gari la shule lipo, jua si kali, tutasubiri. Dereva akauliza yako wapi hasa nyumbani.

Mimi nikafungua mdomo. Mke wangu akanitangulia.

“Nyuma ya nyumba,” akamwambia dereva. “Kwenye pipa bovu la maji. Ondoa bati taratibu, lina kutu.”

Aliketi, mikono mapajani. Nikamnong’oneza amejuaje. Akasema karatasi iliyokunjwa na karatasi iliyoshonwa hazina uzito mmoja, kwamba pipa bovu halifunikwi bati bila sababu, na kwamba yeye analipwa kwa kazi ya kukagua. Nikauliza mbona hakusema jana. Akasema alitaka kunipa usiku mzima wa kubadili nia. Akasema alinisubiri mpaka tulipofika getini. Hilo liliniuma kuliko kicheko.

Wakati tunasubiri watoto waliimba nyimbo zote wanazozijua na moja wasiyoijua. Gari likarudi. Yakagawiwa. Yote! Nilitazama kila moja likienda. Mvulana mmoja alifungua la kurasa rangi ya maziwa katikati, katikati kabisa, akachora mbuzi. Nikashika kiti.

Halafu yule msichana wa darasa la nne akaja na lake, la kona za mviringo. Hakuwa ameandika kitu. Alikuwa amelikumbatia. Akasema, “Shikamoo. Naomba uniandikie wewe mstari wa kwanza. Mimi naogopa nitaliharibu.”

Nilimwelewa mtoto yule kuliko nilivyowahi kumwelewa mtu yeyote. Nikachukua kalamu. Nikaandika tarehe, ikapinda kama mkia wa mbwa. Nikajua nimeliua. Mtoto akatazama, akasema, “Ah! Kumbe ndivyo tu.” Akakaa chini palepale akaanza kuandika, na hakuinua kichwa tena.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani mke wangu akaanza kucheka. Akajaribu kujizuia. Akasema “unapozungumza” akashindwa kutembea, ikabidi ashike ukuta wa jirani. Nikacheka na mimi. Sijui kama nimesamehewa, lakini chai ilikuwa na maziwa.

Jumamosi, 15 Juni

Chumba kitupu kabisa. Ukikohoa kinakujibu. Nimepaka chokaa ukutani, mke wangu ameshona pazia. Tumekodi kitanda cha mgonjwa, kile cha miguu mirefu ili asihangaike kuinama. Nimebeba mwenyewe. Mke wangu akanisifu mbele ya majirani.

Daktari amepiga simu. Mshereheshaji ameongea harusini kuanzia adhuhuri na hajapiga filimbi hata moja. Nirudi kazini Jumatatu, vinywa nivifute vumbi kimoja kimoja, kwa mkono.

Nilipita karakana. Fundi Meno ameanza kuandika kwenye lile la kijani! Orodha ya magego. Kwa kalamu ya wino! Sikuhisi chochote. Labda mwiba mdogo tu, hapa, chini ya ubavu. Nadhani nimepona.

Jumapili, 16 Juni

Shangazi amefika. Nilitarajia mgonjwa wa kuhurumiwa. Ameshuka garini akimfundisha dereva kuegesha. Nikamwamkia. Akaitika, akanitazama juu mpaka chini.

“Wewe ndiye uliyewapa watoto habari za harufu ya kinywa?”

Mke wangu amemweleza yote. Nikainamisha kichwa. Akasema usijali mkwe wangu, somo lenyewe lina faida, hata msikitini na kanisani lingefaa.

Tulipomlaza alipapasa ukuta mpya, akapapasa pazia. Akamvuta mke wangu akamlaza kichwa begani kama mtoto. Nikatoka nje nikajidai natafuta ndoo. Kwa mara ya kwanza nikaona kile chumba kilikuwa kinangoja kitu gani. Nimeahidi moyoni: sitanunua tena, maisha yangu yote. Hata kifutio.

Jumatano, 19 Juni

Sikutafuta. Ieleweke hivyo. Nilitumwa.

Hospitali imeagiza muda wa dawa za Shangazi na mazoezi ya mguu uandikwe kila siku. Mke wangu akatafuta karatasi nyumba nzima, hakuna. Akaniambia kwa kinywa chake mwenyewe niende nikanunue daftari. Moja. La kawaida. Akarudia “moja” mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mwenye duka la vifaa vya kuandikia, ninakonunua siku zote, akanipokea kwa mikono miwili. Alidhani naumwa, hajaniona wiki nzima. Kisha akanipa habari mbaya: anahama. Kila kitu kinauzwa kwa bei ya kutupa. Kila kitu! Alikuwa na boksi pale chini, alikuwa ameniwekea.

Sasa fikiria. Mguu wa mgonjwa haujulikani utapona lini. Daftari moja likijaa katikati ya wiki, je? Mgonjwa akose dawa kwa sababu ya uzembe wangu? Na dawa ziko za namna nyingi. Kila dawa ingefaa iwe na daftari lake, na rangi yake. Shajara pia, kwa ajili ya mazoezi. Kalamu za kung’aa, za kutenganisha asubuhi na jioni. Sikujifikiria mimi hata kidogo.

Nikapitia dirisha la Shangazi. Alikuwa macho. Akatazama boksi, akanitazama mimi nikiwa na mguu mmoja ndani na mmoja nje. Nikafikiri nimekwisha. Akauliza kama mpwa wake anajua. Nikasema bado. Akafikiri. Akasema yeye tangu atoke hospitali amekatazwa sukari, anakunywa chai kama maji ya kuoshea vyombo, na mtu anayeona tabu ya mwenzake huwa analeta vijiko viwili vya sukari. Kila akikohoa mara mbili.

Tukapeana mikono kupitia dirishani. Mama mwenye akili sana. Boksi limeingia chini ya kitanda bila hata kugusa chaga. Kuna nafasi ya jingine, ukilisukuma hadi ukutani.

Mke wangu nimempa daftari lake moja la kawaida. Amelishika akalipima mkononi, akanitazama kwa muda, akaenda jikoni. Shangazi akakohoa mara mbili.

Duka halihami mpaka Jumamosi. Kesho nitampitia seremala nimwombe aongeze vipande chini ya miguu ya kile kitanda, kiinuke kidogo zaidi. Kwa ajili ya mgongo wa Shangazi.